Poliesta inayokunywa maji: mwongozo wa plazma kwa karakana ndogo ya Unguja

Dondoshea tone la maji kwenye poliesta mpya iliyotoka jorani. Tone litakaa juu kama shanga, na ukikiinamisha kitambaa litabiringika lianguke. Hiyo ndiyo sababu jezi ya poliesta humganda mtu mgongoni wakati wa kaskazi, na wino wa maji uliopigwa juu yake huanza kubanduka baada ya kufuliwa mara chache. Uzi hauna kosa. Kinachokataa maji ni ngozi yake ya juu kabisa, na ngozi hiyo inaweza kubadilishwa bila kugusa kiini.

Plazma hufanya kazi hiyo. Hewa hutolewa ndani ya chemba mpaka ibaki kidogo sana, kisha hupitishiwa umeme wa masafa ya juu. Elektroni hung'oka kwenye molekuli, hugonga nyingine, na gesi huanza kung'aa. Chembe hizo zikiufikia uzi hukata vifungo vya juu, na mahali pake huota vikundi vyenye oksijeni: haidroksili, kaboksili na jamaa zao. Vikundi hivyo hupatana na maji. Badiliko linaishia nanomita chache hadi makumi machache ya nanomita, kwa hiyo nguvu ya kitambaa haipungui mradi usizidishe.

Ndani ya chemba kazi ni kama dakika moja tu. Kinachoamua kama utapata kitu ni kufua na kukausha kabla yake, na saa zinazopita baada yake kabla ya wino kugusa kitambaa. Wengi huhangaika na mtambo, ilhali makosa mengi yanatokea kwenye beseni.

Jua ulichoshika

Katika soko la Darajani, mjini Unguja, kitambaa huuzwa kwa majina ya sokoni. Kinachoitwa hariri mara nyingi ni poliesta, na tetroni ni poliesta iliyochanganywa na pamba. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo, zisogeze kwenye moto. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu nyeusi. Nailoni nayo huyeyuka, lakini haitoi moshi mweusi kama huo. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polipropilini, ile ya magunia ya salfeti, hunuka mshumaa, na ukiitia majini huelea, kwa sababu msongamano wake ni 0.91 tu.

Tofauti hii ina uzito. Mvutano wa uso wa maji ni milinewton 72 hivi kwa mita. Nishati ya uso wa poliesta, yaani nguvu yake ya kuyavuta maji yatandae, ni karibu 43 kwa kipimo hichohicho, ya polipropilini karibu 30. Pengo likiwa kubwa, kazi ya plazma huwa kubwa pia, na matokeo hupotea upesi zaidi. Halafu kuna joto: polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 165, nailoni 6 karibu 220, poliesta karibu 255. Anayeanza aanze na poliesta tupu, nyeupe, iliyofumwa wazi.

Usitie chembani nguo iliyokwisha kushonwa yenye zipu, vifungo vya chuma au uzi wa dhahabu. Buibui lenye nakshi za chuma litapiga cheche na kutoboka palepale penye nakshi.

Mtambo wenyewe

Vipimo vya mwongozo huu ni vya chemba ya chuma cha pua ya lita 12, inayoingia kipande cha ukubwa wa karatasi ya A4. Ina elektrodi bapa, dirisha dogo la kioo kinene kinachovumilia joto, na chanzo cha umeme cha kilohezi 40 au megahezi 13.56 chenye wati 100 hadi 200. Chanzo hiki kinunuliwe kikiwa kamili. Msijaribu kung'oa transfoma ya maikrowevu: inatoa volti 2,000 na zaidi, pamoja na mkondo wa kutosha kuua mtu kwa mguso mmoja.

Pampu ni ya mafuta, ya hatua mbili. Ile ya mafundi wa viyoyozi inatosha kuanzia, nayo hapa mjini haikosekani. Yenye uwezo wa mita za ujazo 6 kwa saa inaitosha chemba hii. Mafuta yake ya kawaida yanafaa kwa hewa na gesi ya agoni tu. Oksijeni safi ikipita kwenye mafuta ya madini inaweza kulipuka, kwa hiyo anayetaka oksijeni sharti awe na pampu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na mafuta ya aina ya florini. Kwa sehemu kubwa ya kazi za karakana hewa inatosha, na hatari hiyo haina faida.

Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 25 unabanwa na hewa ya nje kwa nguvu ya karibu nyutoni 5,000, sawa na mzigo wa kilo 500. Ndiyo maana chupa za jikoni na vioo vya madirisha havifai kuwa chemba.

Oringi, zile pete za mpira za kuziba mfuniko, ziwe za vitoni, mpira wenye florini. Zile nyeusi za kawaida hupasuka kwa ozoni baada ya muda. Zipake grisi ya ombwe kidogo mno, zing'ae tu; grisi ya silikoni ikizidi husambaa hadi kwenye kitambaa, na silikoni ni adui wa wino.

Umeme wa volti 230 hupita kwanza kwenye stabilaiza. Mota ya pampu ya wati 500 huvuta mkondo mara kadhaa zaidi inapoamka, hivyo stabilaiza iwe ya kVA 3 au zaidi. Muhimu kuliko hiyo ni vali ya sumaku inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, iliyowekwa kati ya pampu na chemba. Bila hiyo, siku umeme ukizimika pampu ikiwa kazini, hewa husukuma mafuta kupitia mpira hadi juu ya kitambaa. Visiwa vinavyopata umeme kwa nyaya za chini ya bahari havipaswi kuiona vali hiyo kama anasa.

Mwili wa chemba uunganishwe na ardhi. Mwamba wa matumbawe ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fito moja ya chuma ya ardhini huenda isitoshe. Mwite fundi umeme mwenye kipimo, na aongeze fito mpaka usomaji ushuke chini ya omu 10.

Kufua, mahali kazi inapoharibika

Kitambaa kipya kina mafuta ya kiwandani yaliyosaidia uzi kupita kwenye mashine, na pengine silikoni ya kulainisha. Plazma ya dakika moja haiwezi kuyamaliza. Itayachoma juujuu, tone litazama, utafurahi, kisha wino utashika kwenye mafuta badala ya uzi na wote utaondoka siku ya kwanza ya kufuliwa.

1. Pasha maji hadi nyuzi 60 au 70. Kwa kila lita tia gramu 1 hadi 2 za sabuni ya maji isiyo na chaji, ile isiyotoa povu jingi, na gramu 1 hadi 2 za soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti. Usichanganye na kostiki, ambayo huila poliesta yenyewe.
2. Loweka na ugeuzegeuze kwa dakika 30. Maji yawe mengi, angalau lita 2 kwa kitambaa cha gramu 100.
3. Suuza kwa maji ya moto, kisha ya baridi, mara mbili au tatu.
4. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyochujwa au maji yaliyokenekwa.

Hatua ya nne inaonekana ya urembo, lakini kwa Unguja ndiyo ya lazima. Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe ni magumu, yamejaa kalsiamu. Sabuni ya mche ikikutana nayo hutengeneza utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda kwenye beseni. Utando huo unakataa maji kuliko hata poliesta. Kwa hiyo sabuni ya mche isitumike kabisa hapa, na dawa za kulainisha nguo vilevile. Kitambaa kilichokwisha kufuliwa kishikwe kwa glavu za nitrili zisizo na unga. Alama ya kidole chenye mafuta itajitokeza kama doa kwenye rangi.

Kukausha

Poliesta hubeba maji kidogo, kama asilimia 0.4 ya uzito wake. Kipande cha gramu 100 kina gramu 0.4 za maji, ambayo ni kama matone manane tu kwa macho. Lakini chembani, kwenye kanieneo (msukumo wa gesi) ya milibari 1, gramu hizo hugeuka mvuke wa zaidi ya lita 500, na pampu yetu huivuta kwa dakika tano hadi sita. Pamba hubeba karibu asilimia 8.5, kwa hiyo tetroni yenye thuluthi ya pamba itaishughulisha pampu zaidi ya nusu saa. Wanaolalamika kwamba pampu imechoka mara nyingi wana kitambaa kibichi tu, hasa wakati wa masika.

Kausha kwenye oveni kwa nyuzi 60 kwa saa moja, kisha kitie kwenye mfuko wenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, mpaka saa ya kukitumia. Usianike nje karibu na pwani: upepo wa chumvi utakurudisha kwenye beseni.

Ombwe

Kitambaa kitungikwe kwenye fremu, kimoja kimoja, kikiwa kimenyooka, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye elektrodi. Kikikunjwa, mkunjo utabaki haujaguswa na mstari wake utaonekana baada ya rangi.

Futa mdomo wa chemba na oringi kwa spiriti, funga, washa pampu. Hewa ya nje ni milibari 1,013. Unataka kushuka hadi 0.05. Ukifika hapo funga vali ya pampu na uangalie geji kwa dakika moja. Ikipanda hadi 0.10, hesabu ni hii: tofauti ya 0.05 mara lita 12, gawa kwa sekunde 60, unapata milibari lita 0.01 kwa sekunde. Je, ni nyingi? Wakati wa kazi gesi itapita kwa kanieneo ya milibari 0.3, na pampu inavuta lita 1.67 kwa sekunde, yaani milibari lita 0.5. Mvujo wako ni asilimia 2 ya gesi yote. Kwa hewa ni sawa. Kwa agoni tafuta mara kumi pungufu.

Geji itakuambia pia kama ni tundu au ni unyevu. Tundu hupandisha kanieneo kwa mwendo uleule bila kuchoka. Unyevu huanza kwa kasi, kisha hupoa. Ukiona wa pili, acha pampu iendelee. Usianze kufungua koki.

Kuwasha

Fungua vali ya sindano taratibu, uingize hewa iliyopita kwenye mrija wa silika jeli, mpaka geji isimame kwenye 0.3. Iache hivyo dakika mbili. Kisha washa umeme kwa wati 100.

Mng'ao wa hewa ni wa waridi unaoelekea zambarau. Uwe umetulia na kujaa pande zote mbili za kitambaa. Ukiona nyota inayometameta mahali pamoja, zima: kuna chuma, uzi uliochomoza umegusa elektrodi, au chumvi imekaa kwenye kihami, kile kizuizi cha umeme. Mng'ao ukijikusanya kwenye kona moja, kanieneo imezidi; ukififia na kukatikakatika, imepungua.

Usibahatishe muda. Kata vipande sita vya sentimita 5 kwa 20. Kimoja kisiingie kabisa. Hiki ndicho shahidi. Vingine vipite sekunde 15, 30, 60, 120 na 240. Poliesta nyingi hufikia kilele kati ya sekunde 30 na 120, na baada ya hapo unazidisha madhara. Ngozi ya uzi hukatikakatika na kuacha vipande vifupi vilivyolala juu kama unga. Tone litazama haraka sana, lakini wino utashika unga na kutoka nao.

Agoni hupatikana kwa mafundi wanaochomelea aluminiamu. Soma kibandiko cha mtungi kwanza, maana mitungi mingi ya kuchomelea chuma ni mchanganyiko na kaboni dayoksaidi. Sekunde 30 za agoni kabla ya hewa huunganisha minyororo ya juu ya uzi na husaidia matokeo kudumu zaidi. Jihadhari na geji ya Pirani, ile inayopima kanieneo kwa jinsi gesi inavyopoza waya wa moto: kwa agoni husoma chini ya ukweli, kwa hiyo ikionyesha 0.3 kanieneo halisi ni karibu 0.5.

Zima umeme kwanza, funga gesi, tenga pampu, ndipo urudishe hewa polepole. Ukifungua ghafla kitambaa kitarushwa ukutani pamoja na vumbi lote.

Kupima

Dondosha tone moja kutoka urefu wa sentimita 1 na uhesabu sekunde mpaka mng'aro wa maji upotee. Fanya sehemu tano, pande zote mbili. Shahidi kwa kawaida hupita sekunde 60 tone likiwa bado juu. Kilichofaulu hunywa chini ya sekunde 2.

Kipimo cha pili kinasema kweli zaidi. Tungika ukanda wa upana wa sentimita 2.5, ncha yake sentimita 1 ndani ya maji yenye rangi, upime maji yamepanda kiasi gani baada ya dakika 10. Kisha suuza ukanda mwingine kwa maji yaliyokenekwa, ukaushe, urudie. Ukishuka sana baada ya kusuuzwa, ulizidisha muda na ule unga umekwenda na maji.

Mwenye methilini bluu atengeneze myeyusho wa gramu 0.1 kwa lita, azamishe shahidi na kilichotibiwa kwa dakika 5, asuuze. Rangi hiyo hushika kaboksili, hivyo kilichotibiwa hubaki na bluu iliyokolea zaidi. Madoa na mawimbi ya bluu yatakuonyesha ramani ya mahali plazma haikufika. Vaa glavu, la sivyo na vidole vitatoa ushahidi.

Saa inakimbia

Matokeo haya hayakai. Minyororo ya uzi haijalala. Polepole hugeuka na kuficha vile vikundi vya oksijeni ndani, na uso unarudi katika ukaidi wake. Joto huharakisha mgeuko huo, na chumba cha bati cha Februari ni joto la kutosha. Poliesta haipotezi yote, hubakiza sehemu, lakini sehemu hiyo huenda isikutoshe kwa wino. Piga chapa siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa moja au mbili. Ikikulazimu kungoja, funga kwa karatasi ya aluminiamu, weka kwenye friji, na upime tone tena kabla ya kuendelea. Mfuko wa plastiki laini haufai, kwa kuwa viungo vyake vya kulainisha huhamia kwenye kitambaa.

Wino wa pigimenti wenye gundi ya maji ndio unaofaidika zaidi. Uukaushe kwa nyuzi 150 kwa dakika 3 hadi 5, au kama mtengenezaji wa wino alivyoandika. Ukisha kukaa umekaa. Mgeuko wa minyororo hauung'oi tena. Lakini kama unachapa kwa karatasi ya kuhamisha picha kwa joto la nyuzi 200, plazma haikuhusu: rangi ile huingia ndani ya poliesta kama mvuke na haijali uso. Kadhalika, mtu anayetaka jezi hamsini tu zinyonye jasho anaweza kununua dawa ya kuloweka inayofanya kitambaa kinyonye maji, akamaliza kwa beseni na pasi.

Ikigoma

Tone linazama katikati lakini si kingoni: kitambaa kimepita ukubwa wa elektrodi, au fremu ya chuma imevuta mng'ao. Tumia fremu ya kioo au ya tefloni.

Kila kitu kilikwenda sawa na tone bado ni shanga: rudi kwenye kufua. Chukua kipande kidogo, kichovye kwenye spiriti safi, kikauke juu ya kioo. Utando ukibaki kwenye kioo, kitambaa bado kina mabaki ya kiwandani, na kina haja ya kufuliwa mara ya pili kwa moto zaidi.

Kitambaa kimeiva njano au kimejikunja: wati nyingi au muda mrefu. Gawa muda vipande, sekunde 30 kisha pumziko la dakika moja.

Pampu haishuki chini ya milibari 1 na mafuta yake yamekuwa kama chai ya maziwa: yamekunywa maji. Fungua vali ya hewa ya pampu, iache izunguke dakika 20 hadi 30 bila chemba. Yasipotakata, yamwage pampu ikiwa bado ya moto na uweke mapya. Moshi wa pampu utolewe nje kwa mpira, juu ya usawa wa kichwa, maana unabeba ozoni na ukungu wa mafuta.

Wapo wanaotaka kinyume chake: turubai au mkoba wa boti usiopitisha maji. Plazma inaweza hilo pia, kwa gesi za florini au mvuke wa siloksani. Kwa karakana ndogo hatushauri. Gesi ya tetrafloromethani hupasha joto anga maelfu ya mara kuliko kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule, na ndani ya plazma huzaa mabaki yanayokula mapafu. Siloksani ni kimiminika kinachoshika moto hata kwenye baridi ya friji. Turubai lipakwe nta.